Nimegonga, Sijachora

Mdogo wangu aliishika kadi kwa ncha za vidole, akaitazama nyuma, akairudisha mbele, kisha akasema: "Dada, lakini hii hujachora. Umegonga." Na kwa kuwa hajawahi kuliacha jambo likiwa dogo, akamalizia na methali: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Ilikuwa kadi yake ya siku ya kuzaliwa. Sungura kapanda baiskeli, sikio moja limeinama, kikapu cha maua mbele. Nilikuwa nimeikalia saa tatu nzima, nikipaka manyoya ya yule sungura kwa rangi nne za udongo hadi shingo ikaniuma. Yeye aliona muhuri tu.

Sikumjibu, maana alikuwa na hoja. Sisi tunaosema Kiswahili tunajua kwamba kugonga muhuri ni kazi ya karani. Unasimama dirishani, anagonga mara moja, karatasi yako imekuwa halali, haya, mwingine asogee. Hakuna aliyewahi kutoka ofisini akiusifu mkono wa karani. Na yule sungura kweli si wangu. Alichorwa na mtu nisiyemjua, akatiwa kwenye mpira, akauzwa kwa yeyote aliyemtaka. Mahali fulani yupo mwingine mwenye sungura huyu huyu, baiskeli hii hii, sikio limeinama upande ule ule. Basi changu katika kadi ile ni kipi? Swali hilo limenikaa kichwani miaka kadhaa sasa, na mara nyingi hunijia nikiwa nimeinama mezani, maka mkononi, ile kalamu ya wino wa rangi, nisiweze hata kujikuna pua.

Nianze na muhuri wenyewe, kwa sababu hata kugonga kuna adabu yake. Mihuri ya kadi iko ya aina mbili hasa. Kuna ya mpira, mara nyingi mwekundu, uliobandikwa kwenye kibao cha mbao. Na kuna ya plastiki laini inayoonyesha, ambayo unaibandika kwenye kipande kinene cha plastiki ngumu, unagonga, kisha unaibandua na kuirudisha kwenye karatasi yake. Ya kuonyesha ina raha moja kubwa: unaona unapogonga. Ya mpira huoni kitu, unamwachia Mungu. Hata hivyo mimi moyo wangu uko kwa mpira, kwa sababu unashika wino tangu siku ya kwanza. Plastiki ikiwa mpya ina utelezi, wino unajikusanya vitone vitone kama maji juu ya nta, na picha inatoka kama ina ndui. Dawa yake ni kuisugua kidogo kwa raba ya penseli kabla ya kuitumia. Niliharibu karatasi kama kumi kabla ya kuambiwa jambo dogo hilo.

Muhuri mkubwa usiupeleke kwenye pedi ya wino. Ulaze muhuri chali, uso ukitazama dari, kisha uigongegonge pedi juu yake taratibu hadi mistari yote ing'ae. Ukiukandamiza muhuri ndani ya pedi, wino unaingia mpaka kwenye mabonde, na kingo za mpira zitaacha mistari ambayo mchoraji hakuichora. Halafu unashuka wima, unabonyeza bila kuyumba, unahesabu mpaka tatu, unanyanyua wima. Mkono ukitikisika, sungura anakuwa na masharubu mawili mawili.

Wino ndio ulionifanya nilie. Nilinunua mweusi mmoja ulioandikwa kwamba hautoki kwa maji, nikaona huo ndio wenyewe. Nikagonga, nikausubiri ukauke, nikafungua maka ya manjano, nikapitisha usoni mwa sungura. Uso wote ukawa moshi. Mstari mweusi ulifumuka, ukatambaa mashavuni, na ncha ya maka yangu ya manjano ikatoka na ndevu nyeusi ambazo hazijaisha hadi leo. Nilidhani nimeuziwa kitu kibovu. Haikuwa hivyo. Wino ulisema kweli, hautoki kwa maji. Lakini ndani ya maka zile hamna maji, mna spiriti, na wino wenyewe ulikuwa umetengenezwa kwa kiyeyusho cha jamii hiyo hiyo. Ndugu walikutana, wakakumbatiana. Kinachotakiwa chini ya maka za spiriti ni wino wa maji, ule ambao spiriti haiufahamu. Anayepaka kwa brashi na rangi za maji anahitaji kinyume chake kabisa. Tangu hapo, kabla ya kununua wino siulizi kama ni mzuri. Nauliza nitapitisha nini juu yake. Na hata ulio sahihi naupa dakika kadhaa za kukauka, kwa sababu haraka yangu imeshaharibu nyuso nyingi kuliko ujinga wangu.

Karatasi nitaipita haraka. Iwe nyeupe, laini bila chembechembe, ngumu kiasi cha gramu 216 hadi 300 kwa mita ya mraba. Nyepesi kuliko hapo inalowa na kuachia rangi itambae ovyo. Spiriti inapenya hadi upande wa pili, kwa hiyo weka karatasi chakavu chini, la sivyo meza yako nayo itakuwa na sungura. Kwa kuwa mgongo wa picha huchafuka, wengi wetu hatupaki moja kwa moja kwenye kadi. Tunapaka kwenye kipande cha pembeni, tunakikata, tunakigundisha mbele ya kadi iliyokunjwa. Karatasi ya A4 ukiikata katikati unapata vipande viwili, na kila kimoja kikikunjwa kinatoa kadi ya milimita 105 kwa 148, inayoingia vizuri kwenye bahasha ya C6. Kabla ya kukunja, pitisha kitu butu kwenye mstari wa mkunjo kwa kufuata rula. Mkunjo usiopigiwa mstari unapasuka nyuzi nyuzi, na kadi nzuri inaonekana kama imetafunwa.

Sasa maka. Hapa ndipo nitakapokaa.

Zinazotajwa zaidi na watu wa kadi ni Copic, za kampuni ya Too ya Japani, zilizoingia sokoni mwaka 1987 zikiwalenga wabunifu na wachoraji. Leo zina rangi 358. Nimeitaja idadi hiyo ili kukutuliza. Mimi nina arobaini na moja, na kama thelathini ndizo zinazofanya kazi, nyingine nilinunua kwa tamaa. Zinajazwa tena wino na kubadilishwa ncha, ndiyo maana maka moja inaweza kuzeeka na mwenyewe. Kilichoniteka si rangi, ni utaratibu wake wa majina. Kila maka ina herufi na namba. Herufi inakuambia ukoo: B ni bluu, G kijani, R nyekundu, na E ni rangi za udongo, kahawia na ndugu zake. Namba ya kwanza inakuambia rangi ni safi kiasi gani au imefifishwa kiasi gani kwa kijivu. Namba ya mwisho inakuambia weusi wake, sifuri ikiwa nyepesi na tisa nzito. Ukichukua tatu zenye herufi moja na namba ya kwanza moja, namba za mwisho zikipishana kwa mbili au tatu, basi una familia inayosikilizana. Ukizichanganya koo bila mpango, unapata tope.

Na kuchanganya kwenyewe hufanyika pale pale karatasini, wakati rangi bado mbichi. Natandaza nyepesi eneo zima. Nachukua nzito, naiweka kivulini tu, kwa michirizo mifupi inayoanza na nguvu na kuishia hewani, kama mtu anayepukusa vumbi. Ya kati inapita juu ya mpaka wao. Kisha nyepesi inarudi tena juu ya zote, na hapo ndipo mambo yanapotokea: spiriti mpya inaamsha rangi iliyolala, mpaka unayeyuka, na kitu kilichokuwa bapa kinaanza kuvimba. Nimefanya hivi mara mamia na bado huwa nashusha pumzi.

Kosa la wanaoanza, na mimi nilikuwa kinara wao, ni kupaka mpaka kwenye mstari. Usiufikie. Simama unywele mmoja kabla, wino utatembea wenyewe. Ukiona rangi imejitokeza nyuma ya karatasi, karatasi imeshiba, ukiongeza itatapika nje ya mstari. Na usihukumu rangi ikiwa bichi, kwa sababu huwa nyeusi zaidi na ikikauka inapauka. Kuna maka moja isiyo na rangi kabisa, yenye namba 0, ambayo watu huinunua wakidhani ni kifutio. Haifuti. Inasukuma. Rangi iliyotoka nje ya mstari unaisukuma irudi ndani, taratibu, kama unavyomrudisha kuku bandani, na kama kuku, baadhi hawarudi.

Lakini ukishajua yote hayo, bado hujajua utaweka wapi kivuli. Muhuri haukuambii. Huu ndio ugunduzi ulioniamsha usiku mmoja nikiwa na yule sungura kwa mara ya tano: picha iliyogongwa haina jua. Ina mistari, ina sikio, ina magurudumu mawili, lakini haina saa. Si asubuhi wala jioni. Sasa kabla ya kufungua maka yoyote nachora jua dogo kwa penseli kwenye karatasi chakavu, kona moja, na kila ninapojisahau nalitazama. Likiwa kushoto juu, tumbo la sungura lina giza chini kulia, na tairi zinatupa kivuli kirefu upande ule. Likiwa nyuma yake, uso wote unaingia kivulini, kingo za masikio zinawaka. Yule mwenzangu nisiyemjua mwenye sungura huyu huyu, wake huenda anaendesha saa sita mchana. Wangu anarudi nyumbani giza likiingia, na amechelewa.

Nilimweleza mdogo wangu hayo. Akasema, "Sawa dada, umeazima nguo, umeinyoosha pasi."

Nilijitetea kwa historia. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuchapishwa kwa kuuzwa ilitoka London mwaka 1843. Henry Cole, mtumishi wa serikali mwenye shughuli nyingi, aliona barua za kujibu zimemzidi, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee picha moja itakayojibu kwa niaba yake. Zilichapishwa nakala 1,000 kwa jiwe lililochorwa picha, mistari tu, kisha zikapakwa rangi kwa mkono. Katikati pana familia inanyanyua glasi, pembeni pana watu wanaolisha na kuvisha maskini. Wapo waliokasirika kwa sababu mtoto naye alionekana anakunywa mvinyo, kwa hiyo malalamiko juu ya kadi yana umri sawa na kadi. Mimi kinachonishika ni zile kadi elfu na brashi. Mstari ule ule mara elfu, na mkono unaotia wekundu kwenye gauni lile lile mara elfu. Cole anatajwa, Horsley anatajwa. Mkono uliopaka ni nadra kuusikia ukitajwa. Wakati huo hata mihuri ya mpira ya kugongea kadi haikuwapo. Charles Goodyear alipata hataza yake ya Marekani ya kuugandisha mpira kwa salfa na joto mwaka uliofuata, 1844, na bila ujuzi huo mpira unayeyuka kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi, hauwezi kushika hata mstari mmoja. Yaani kazi ninayoifanya mezani kwangu, ya kujaza rangi katika mistari ya mwingine, ni kongwe kuliko muhuri ninaogongea.

Mdogo wangu alisikiliza vizuri. Kisha akauliza kama Cole alilipa.

Aliyenifundisha zaidi ni binti wa mdogo wangu. Alikuwa na miaka saba, anapenda kukaa karibu yangu na kusoma namba za maka kwa sauti kama anaita mahudhurio. Siku hiyo nilikuwa na muhuri wa msichana mwenye mwavuli. Masomo yote niliyokuwa nimeyafuata yalipaka ngozi kwa E000, E00 na E11, mashavu R20, na mimi nilifuata kama mtoto wa shule, kadi baada ya kadi, wasichana weupe kama maziwa, bila kujiuliza nawapelekea akina nani. Siku hiyo niliamua huyu afanane na sisi. Nikachukua kahawia, na kivulini nikaweka kijivu, kwa sababu nilidhani kivuli ni kijivu. Mtoto alitazama kwa muda, akauliza kwa upole kabisa: "Shangazi, huyu anaumwa?"

Alikuwa anaumwa. Kijivu juu ya kahawia kinaiua ngozi, kinaipaka majivu. Nilienda dirishani nikanyoosha mkono wangu, nikautazama kama sijawahi kuwa nao. Penye kivuli hapakuwa na kijivu hata chembe. Palikuwa na wekundu mzito, kahawia iliyoiva, na karibu na kiwiko kitu kama zambarau. Penye mwanga palikuwa na ubuluu wa anga, kidogo sana, juu ya mfupa. Mkono wangu mwenyewe, na nilikuwa nimekaribia kuupaka rangi ya saruji.

Sasa hutumia E25, E27 na E29, familia moja inayosikilizana, na chini ya kidevu napitisha zambarau hafifu kabla ya ile nzito. Ila ngozi nyeusi inabadilisha mpangilio mzima wa kazi, jambo ambalo hakuna somo lililoniambia. Maka za spiriti zinapitisha mwanga, kwa hiyo huwezi kuweka rangi nyepesi juu ya nzito na ikaonekana. Mng'ao wa paji la uso, wa daraja la pua, wa mashavu, lazima uuache tangu mwanzo, uuzunguke kama shimo. Pili, mstari mweusi wa muhuri, uliokuwa bwana juu ya ngozi nyeupe, unazama. Pua na mdomo vinapotea. Kwa hiyo karibu na mdomo sishuki mpaka E29, nabaki kwenye ya kati, na mwisho naupitia mstari wa macho kwa kalamu nyeusi nyembamba. Yaani pale mstari wa kuazima uliposhindwa, ilibidi niuchore. Mtoto alipoona wa pili alisema, "Huyu kapona." Hiyo kadi sikumpa mtu. Iko kwenye droo yangu.

Mapambo mengine sina subira nayo. Kuna unga unaonyunyizwa juu ya wino mbichi na kuyeyushwa kwa hewa ya moto hadi mstari unainuka na kung'aa. Ni mzuri, nimeunguza vidole, nimeacha. Utepe mmoja unatosha, miwili ni sare ya gwaride.

Linalonishinda ni ndani. Kadi ikishakauka, ikakatwa, ikagundishwa, unaifungua na pana weupe unaokutazama. Ipo mihuri ya maneno pia, mingi ikiwa kwa Kiingereza, na ninayo michache niliyonunua zamani. Siitumii ndani. Nje sawa. Ndani, hapana, kwa sababu pale sina jua la kusogeza wala kivuli cha kuweka, neno lililogongwa ni lile lile kwa kila mtu, na pole haigongwi muhuri. Kwa hiyo lazima niandike kwa mkono, na mimi ninayeweza kukaa saa tatu na manyoya ya sungura huwa sipati sentensi mbili. Naandika jina. Naandika hongera, au pole, au nakupenda. Naweka nukta, nafunga haraka.

Mwaka huu nilipokwenda kwa Mama niliikuta kadi niliyompa alipostaafu, mojawapo ya zile za mwanzo kabisa. Ilikuwa dirishani, imeegemea fremu ya picha, na sikuitambua. Mwavuli niliokuwa nimeupaka wekundu wa kupiga kelele ulikuwa umebaki rangi ya ukucha. Majani yametoweka. Najua sababu: wino wa maka hizi ni rangi iliyoyeyuka, si chembe ngumu, na mwanga unaila siku hadi siku. Ningemwambia asiiweke dirishani. Mstari mweusi ulikuwa vilevile, mzima, kila unywele mahali pake. Nilichoazima kilibaki, nilichoweka kiliondoka. Nilifikiria namna mdogo wangu atakavyofurahi. Kisha nikaisogeza fremu, na pale ilipokuwa imeifunika kadi, ukanda mwembamba pembeni, upana wa kidole, ule wekundu ulikuwepo, mbichi kama wa jana, na kivuli chake.

"Usiipake tena," Mama alisema nyuma yangu. Hata sikujua kama ananiona.

"Mama, imekwisha rangi."

"Nimeiona inavyokwisha, nipo nayo kila siku. Hebu ifungue."

Niliifungua. Kwa penseli, kwa sababu niliogopa kukosea, nilikuwa nimeandika: Mama, hongera. Nukta.

"Miaka sita naisubiri sentensi ya pili," alisema. Akavuta droo, akatafuta kati ya risiti na vibanio, akatoa kalamu ya wino, akaijaribu kwenye kiganja chake kuona kama inaandika. Nikavuta kiti.